Wananchi Waulizwe Kabla, Si Baada

Yapo mambo ambayo Serikali yoyote inaweza kuyaamua ofisini, ikayatangaza asubuhi, na hata jioni wananchi wakawa wamekwisha kuyazoea. Mahali pa kuweka taka zenye mionzi si miongoni mwa mambo hayo. Barabara ikipitishwa pasipofaa huvunjwa ikajengwa upya. Soko likiwekwa mbali na watu huhamishwa. Lakini taka zilizo kali kuliko zote, yaani fueli iliyokwisha kutumika ndani ya vinu vya nyuklia, hubaki na hatari kwa muda unaokadiriwa kufikia miaka 100,000. Hakuna dola iliyopata kudumu hata sehemu ndogo ya muda huo. Kwa hiyo uamuzi wa mahali pa kuzizika unawahusu walio hai, na unawahusu zaidi wasiozaliwa, ambao hawana wa kuwasemea isipokuwa sisi.

Huenda msomaji wa Pemba au wa Mafia akauliza: hayo yatuhusu nini sisi, ambao hatuna kinu cha nyuklia wala hatujapata kukiona? Tunajibu kwamba jambo hili linasogea karibu nasi mwaka hata mwaka. Kenya, Uganda na Rwanda zimekwisha kutangaza nia ya kuzalisha umeme kwa nguvu za nyuklia. Tanzania inayo madini ya urani katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na uchimbaji wa urani nao huacha mabaki yenye mionzi. Mwaka 2024 wananchi wa Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kujengwa kinu cha nyuklia katika pwani yao ya uvuvi. Maji yanayopita Pemba ndiyo yapitayo Kilifi. Wavuvi wa pande mbili hizo ni jamaa, na linalowahangaisha hawa litawahangaisha na wale.

Tena taka za mionzi hazitoki katika vinu vya umeme peke yake. Hospitali zinazotibu saratani hutumia vyanzo vya mionzi, na viwanda na wajenzi hutumia vipimo vyenye vyanzo kama hivyo. Vyote hivyo vikichakaa huwa ni taka zinazohitaji kuhifadhiwa. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, chanzo kimoja cha mionzi kiliachwa katika jengo la zahanati iliyokuwa imehama. Watu wasiojua walikichukua kwa tamaa ya chuma chakavu, wakakivunja, na unga uliokuwa ndani ukasambaa majumbani. Watu wanne walifariki, na kwa jumla watu 249 walikutwa wamepata uchafu wa mionzi. Hakukuwa na kinu chochote cha nyuklia mahali pale. Kwa hiyo taka hizi lazima ziwekwe mahali fulani, na kila mahali pana watu wake au jirani zake. Swali ni moja: watu hao wataamini vipi kwamba yanayotendwa ni salama?

Tunadhani jibu litapatikana kwa kuvitazama visiwa viwili vilivyo mbali sana na kwetu, vilivyopata majaribu yanayofanana na vikaishia pahali tofauti kabisa.

Kisiwa cha kwanza ni Lanyu, kilicho kusini-mashariki mwa Taiwani. Wenyeji wake ni Watao, watu wa bahari kama sisi, wajuao kuchonga mashua zao wenyewe, na wenye miiko na sherehe zinazofuata majira ya kuja kwa samaki wale warukao juu ya maji. Idadi yao ni elfu chache tu. Katika miaka ya 1970, Taiwani ikiwa chini ya sheria ya kijeshi, wakubwa wa serikali walikichagua kisiwa hicho kuwa ghala la taka za nyuklia za kiwango cha chini, yaani nguo, glavu, vichujio na mabaki mengine yaliyoguswa na mionzi. Ujenzi ulipoanza katika ncha ya kusini ya kisiwa, Watao walielewa kwamba panajengwa kiwanda cha kutia samaki makoponi. Mwaka 1982 meli zikaanza kushusha mapipa.

Ukweli ulipojulikana, hasira ilikuwa kubwa. Mwaka 1988 Watao waliandamana wakiwa katika mavazi yao ya vita, wakisema kwamba wanamfukuza pepo mbaya kisiwani mwao. Mwaka 1996 waliziba bandari, na tangu hapo hakuna shehena mpya iliyopokewa. Lakini mapipa yaliyokwisha kuingia yalikuwa yamekaribia laki moja, na hewa ya chumvi, ambayo kila mkaazi wa pwani anajua inavyokula bati na msumari, ilikuwa inayala. Mengi yalipata kutu, ikabidi yafunguliwe na taka zitiwe katika mapipa mapya, kazi iliyochukua miaka kadhaa.

Mnamo Agosti 1, 2016, Rais Tsai Ing-wen aliwaomba radhi wenyeji wa asili wa Taiwani kwa dhuluma walizotendewa, na katika hotuba hiyo akalitaja jambo la Lanyu. Mwaka 2018 uchunguzi wa serikali yenyewe ukathibitisha yale ambayo Watao walikuwa wakiyasema siku zote, kwamba taka ziliwekwa kisiwani bila wao kuarifiwa wala kutoa ridhaa. Mwaka 2019 serikali ikatangaza fidia ya zaidi ya dola za Taiwani bilioni 2.5. Watao wengi wakaikataa. Walisema kwamba hawakuomba fedha. Wanachotaka ni mapipa yaondolewe. Na hadi leo mapipa bado yapo, kwa sababu kila mahali pengine panapopendekezwa, wakaazi wake wameyaona ya Lanyu nao wanakataa.

Hapa tunawaomba maofisa wa Serikali watafakari pamoja nasi. Serikali ya Taiwani ilidhani imeokoa muda kwa kutowauliza watu wachache wa kisiwa kidogo. Imepita miaka zaidi ya 40, na shughuli haijesha. Hata pale wataalamu wanaposema kwamba vipimo vya mionzi haviko juu, Watao hawana sababu ya kuwasadiki, maana watu wa serikali ile ile ndio waliowaacha waamini habari ya samaki wa makopo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliyedanganywa mara moja huyapima maneno yote yanayofuata kwa uongo ule wa kwanza.

Kisiwa cha pili ni Olkiluoto, katika pwani ya magharibi ya Ufini, ndani ya manispaa ndogo ya Eurajoki. Huko, katika mwamba mgumu, kina cha mita zipatazo 430 chini ya ardhi, Wafini wamechimba mahandaki ya kuzikia fueli iliyotumika. Fueli hiyo hupozwa kwanza majini kwa miaka mingi. Kisha hutiwa katika mikebe mikubwa yenye chuma cha kusubu kwa ndani na shaba nyekundu kwa nje, mikebe hushushwa katika mashimo ndani ya mwamba, na kuzungushiwa aina ya udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kuyazuia maji. Mahali hapo panaitwa Onkalo. Uchimbaji ulianza mwaka 2004, leseni ya ujenzi ikatolewa mwaka 2015, na leseni ya kuanza kuzika ikaombwa mwaka 2021. Hakuna nchi iliyoitangulia Ufini kufika hatua hiyo kwa fueli ya vinu vya umeme.

Watu husifu mwamba wa Ufini na shaba yake. Sisi tungependa kusifu sheria yake. Sheria ya Nishati ya Nyuklia ya mwaka 1987 iliipa manispaa uwezo wa kukataa. Baraza la mahali husika likisema hapana, Serikali haina njia ya kulipita, na Bunge halina la kuamua. Kampuni iliyotafuta mahali ilichunguza sehemu nne kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1980. Wakati huo hata baraza la Eurajoki lilikuwa likipinga kuzikwa taka katika ardhi yake, na lilibadili msimamo mwaka 1994 tu. Hakuna aliyelivunja baraza hilo wala kulikaripia. Liliachwa lipinge, na mazungumzo yakaendelea. Mwezi Januari 2000, baada ya mamlaka ya usalama wa mionzi kutoa maoni yake ya kitaalamu, madiwani walipiga kura. Ishirini walikubali, saba walikataa. Kisha Bunge likaidhinisha mwaka 2001 kwa kura 159 dhidi ya 3.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwa kuifanya habari hiyo kuwa tamu kuliko ilivyo. Eurajoki ilikuwa na vinu vya nyuklia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Wengi wa wakaazi wake walifanya kazi humo au walikuwa na ndugu humo, na kodi ya vinu ilijaza hazina ya manispaa. Watu hao hawakuogopa kitu wasichokijua, na walikuwa na faida ya kutazamia. Saba waliokataa walikuwa na sababu zao, na sababu hizo hazikufutika kwa kuzidiwa kura. Lakini tofauti na Lanyu iko wazi. Aliye na uwezo wa kusema hapana, ndiyo yake ina uzito. Asiye na uwezo huo, ndiyo yake ni kimya tu kilichoandikwa karatasini.

Yupo atakayesema kwamba ukiwapa wananchi uwezo wa kukataa, kila mahali watakataa, na taka zitabaki bila pa kuwekwa. Hoja hii ni nzito, nasi hatuipuuzi. Uswidi iliipitia. Katika miaka ya 1980 kampuni ya huko ilikwenda kutoboa miamba bila kuafikiana kwanza na wenyeji, ikakutana na maandamano, na kule Almunge polisi wakaitwa. Ikaona kwamba njia hiyo haifiki, ikaanza kuziomba manispaa zijitolee kuchunguzwa. Storuman ilipiga kura ya maoni mwaka 1995, wananchi wakakataa. Malå ikapiga kura mwaka 1997, nao wakakataa. Mara zote mbili kampuni ilifunga mizigo ikaondoka.

Tunaamini kwamba kuondoka kule ndiko kulikoijenga kazi iliyofuata. Wananchi wa sehemu nyingine waliona kwa macho kwamba ukisema hapana, hapana inasikilizwa. Wakapata moyo wa kusikiliza bila hofu ya kunaswa. Fedha za mfuko wa taka, zinazochangwa na wazalishaji wa umeme wenyewe, zilitumika kuziwezesha manispaa kuajiri wataalamu wao, na baadaye hata vyama vya wapinzani vikapewa fungu ili vichunguze na kukosoa. Mwaka 2020 baraza la Östhammar, lenye eneo la Forsmark, lilikubali. Na Januari 2022 Serikali ikatoa idhini. Walichelewa, naam. Lakini walifika, na Taiwani iliyokwenda kwa haraka haijafika.

Bahari nayo ina habari yake, na sisi watu wa visiwa hatuwezi kuisahau. Zamani mataifa kadhaa yalikuwa yakitupa mapipa ya taka za mionzi baharini na kuihesabu kazi kuwa imekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Japani ilikusudia kutupa yake katika Bahari ya Pasifiki, kaskazini ya visiwa vya Mariana. Wakaazi wa visiwa vya bahari ile, wachache na maskini kama walivyokuwa, walipaza sauti hadi mpango ukasimamishwa. Mwaka 1993 mataifa yaliyo katika Mkataba wa London yalikubaliana kupiga marufuku kabisa kutupa taka zenye mionzi baharini. Afrika nayo ilijitungia Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, unaokataza kuingizwa barani taka za hatari, zikiwemo zenye mionzi. Na Mkataba wa Pelindaba wa mwaka 1996 ukaongeza katazo la kuzitupa popote katika eneo la Afrika, visiwa vyake vikihesabiwa humo. Mikataba hiyo ni ngao nzuri. Lakini ngao hushikwa na mtu, na mwananchi asiyejua kwamba inayo haiwezi kumkinga.

Basi tunawaambia nini wakuu wetu, wa Serikali zote zinazotazama pwani na visiwa hivi?

Kwanza, wananchi waulizwe kabla ya mahali kuchaguliwa. Kuwaita mkutanoni baada ya ramani kuchorwa na mikataba kutiwa sahihi si kuwashauri, ni kuwaarifu. Mtu aliyeulizwa rangi ya mlango wakati nyumba imekwisha kujengwa juu ya kiwanja chake hataamini kwamba alishirikishwa.

Pili, uwezo wa kukataa uandikwe katika sheria, na uandikwe kabla haujahitajika. Ahadi ya kiongozi, hata akiwa mwema kiasi gani, huondoka pamoja naye. Sheria hubaki.

Tatu, wananchi wapewe njia ya kupata wataalamu wao wenyewe. Tanzania inayo Tume ya Nguvu za Atomiki, nasi tunaithamini kazi yake. Lakini hata daktari hodari hakasiriki mgonjwa akitaka maoni ya daktari wa pili. Anayetaka kuaminiwa awe wa kwanza kufungua daftari lake la vipimo likaguliwe na wengine, na vipimo vya hewa, maji na samaki vibandikwe mahali ambapo mvuvi atavisoma kwa lugha anayoielewa.

Nne, faida ielezwe kwa jina lake, na hatari kwa jina lake. Shule na zahanati ni haki ya kila raia. Zikiletwa ghafla pamoja na taka, huwa ni rushwa, na wananchi wataziona hivyo hata kama hawatasema. Jumuiya inayochukua mzigo kwa niaba ya taifa zima inastahili shukrani ya taifa, lakini shukrani hiyo ijadiliwe hadharani na isitangulie ridhaa.

Tano, fedha za kuzitunza taka zitengwe tangu siku ya kwanza na yule anayezizalisha, katika mfuko ambao hauwezi kuchotwa kwa shughuli nyingine. Ufini ilianzisha mfuko wa namna hiyo mwaka 1988, kabla haijajua hata ni wapi itakapozika. Nchi inayoanza kuzalisha na kuahirisha swali la taka inawaachia wajukuu deni ambalo hawakulikopa.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Si haki kuilaumu Serikali kwa kuficha, na huku inapokuja kueleza tukawa hatuendi kusikiliza. Si haki pia kusambaza uvumi kwamba kila mashine ya eksirei italeta maafa, hadi mgonjwa wa saratani akaogopa tiba. Mionzi si jini wala si baraka. Ni nguvu inayopimika, na anayetaka kuijua anaweza kuijua. Tuwatake walimu wetu waifundishe shuleni. Tuwachague madiwani na wawakilishi watakaouliza maswali magumu na kungoja majibu. Na tukisema hapana, tuseme kwa sababu. Tukisema ndiyo, tuseme kwa kujua.

Ofisa mmoja anaweza kujiuliza kama inafaa kuzungumza mambo haya mapema namna hii, kabla hayajafika mlangoni. Sisi tunaona kwamba huu ndio wakati wake. Watao hawakupata nafasi ya kuzungumza mapema. Walikuja kusoma habari za kisiwa chao wakati mapipa yalikuwa yamekwisha kupangwa katika mahandaki ya saruji, na tangu hapo kila waziri aliyevuka bahari kwenda kwao amekuta neno lake limekwisha kuharibiwa na waliomtangulia. Mwamba mgumu hupatikana kwa kutafuta, na shaba hununuliwa. Neno la Serikali linaloaminiwa na watu wake halipatikani kwa njia hizo, na likivunjika mara moja hakuna fundi wa kuliunga kwa haraka. Serikali zetu bado zinalo neno hilo kuhusu jambo hili, kwa kuwa bado hazijalitumia. Zilitunze.